Kubwa, Chache, Kali: Maneno ya Kipimo Tunapouzungumzia Mwili

"Tumbo linaniuma sana." Madaktari na wauguzi huisikia sentensi hii kila siku, na kila siku huijibu kwa maswali: linauma upande gani, linauma vipi, lilianza lini, umeharisha mara ngapi? Anayeteseka anaweza kuyaona maswali hayo kama usumbufu. Lakini "sana" haipimi chochote, na "tumbo" ni eneo pana lenye ini, figo, kibofu, utumbo, na kwa mwanamke mji wa mimba pia. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyajibu maswali yote hayo. Tunayo, ila wengi wetu, hata tuliokua nacho, tumezoea kuishia kwenye "kubwa", "kidogo" na "sana".

Ninavyoona, njia nzuri ya kujenga msamiati huu ni kuangalia kila neno linajibu swali gani. Kuna neno la kusema kitu kina umbo gani, la kusema viko vingapi, la kusema ni kiasi gani, la kusema kimezidi au kimepungua, na la kusema kina ukali gani. Mkanganyiko huanza pale neno la swali moja linapotumwa kujibu swali jingine.

Tuanze na vidonge. "Vidonge vidogo" ni vyenye umbo dogo, hata vikiwa mia. "Vidonge vichache" vinaweza kuwa vikubwa kiasi cha kukwama kooni, ila idadi yake ni ndogo. Kivumishi "-chache" kinakwenda na vitu vinavyohesabika tu. Kwa kitu kisichohesabika tunatumia "kidogo", ambalo hapo halibadiliki hata kidogo kufuata ngeli: maji kidogo, damu kidogo, usaha kidogo, homa kidogo. Ndiyo maana "maji machache" inakwaruza sikio. Upande wa wingi hauna mgawanyo huo, kwa kuwa "-ingi" hubeba yote mawili: vidonge vingi, damu nyingi.

Utata hujitokeza kwenye nomino za ngeli ya KI-VI, kwa sababu huko "kidogo" cha umbo na "kidogo" cha kiasi vinafanana kabisa. Mpangilio wa maneno ndio unaoamua. "Kidonda kidogo kinauma" inaeleza ukubwa wa kidonda. "Kidonda kinauma kidogo" inaeleza maumivu. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda kidogo mguuni kisichouma kabisa anahitaji kuonwa haraka kuliko wengi wenye vidonda vikubwa vinavyouma, kwa kuwa ugonjwa huo hufisha neva za miguu na mtu akaacha kusikia maumivu. Kwa hiyo akiulizwa kuhusu kidonda, anapaswa kutoa majibu mawili, la ukubwa na la maumivu, wala asidhani moja linatosha kwa yote.

Herufi chache tu zinatenganisha pia "-ote" na "-o -ote". "Usimeze dawa zote" maana yake ni kwamba nyingine zibaki. "Usimeze dawa zozote" maana yake ni kwamba hata moja isiguswe. Anayeandika maelekezo ya mgonjwa anayejiandaa kwa upasuaji hana nafasi ya kuteleza hapo.

Kiswahili kina njia nyingine ya kupima ambayo haihitaji kivumishi: kulikuza au kulidogosha jina lenyewe. Kidonda ni cha kawaida. Kijidonda ni kidogo zaidi. Donda ni kubwa na la kutisha. Donda ndugu ni lile linalokula nyama na kukataa kupona. Donge ni kitu kilichogandamana, na kidonge ni donge dogo, ndivyo dawa ya kumeza ilivyopata jina lake. Dole gumba ni nene kuliko vidole wenzake. Mtu akisema "nina kijipele mgongoni", ameshampa msikilizaji ukubwa kabla ya kuulizwa.

Ila msomaji asidhani kila "ki-" inadogosha. Kichwa na kifua si vidogo. Zaidi ya hapo, ngeli hii ndiyo makazi ya baadhi ya maradhi mazito tunayoyajua: kipindupindu, kisukari, kiharusi, kifafa, kifaduro, kichocho, kimeta. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo jepesi.

Vivyo hivyo, "kubwa" haimaanishi ukubwa kila mahali. Haja kubwa na haja ndogo ni majina ya heshima ya kinyesi na mkojo. Mtu anaweza kupata haja kubwa kidogo au haja ndogo nyingi, na mtaalamu wa maabara akiomba "choo kikubwa" haombi kingi. Kifua kikuu nacho hakihusiani na upana wa kifua. "-kuu" ni ya cheo na uzito wa jambo, kama katika mji mkuu, na ugonjwa huo ulistahili jina hilo kwa madhara yake. Mtu mwenye kifua kikubwa anaweza kuwa mnyanyua vyuma mwenye afya tele.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa utumbo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6. Utumbo mpana una takriban mita 1.5. Wanaouita wa kwanza "utumbo mdogo" na wa pili "utumbo mkubwa" humfanya mwanafunzi aamini kwamba mdogo ndio mfupi. "Mwembamba" na "mpana" hayana hila hiyo: yanataja kipenyo, na urefu yanauachia neno lake. Kwenye vitabu vya shule ningebaki na majina hayo mawili tu.

Tukija kwenye ramani ya mwili, ugumu upo kwenye majina yanayofunika eneo refu. Mkono unaanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu unaanzia nyongani hadi unyayoni. "Nimeumia mkono" inaweza kuwa bega, kiwiko, kifundo, kiganja au kidole. Kwenye mguu kuna paja, goti, ugoko kwa mbele, kigimbi kwa nyuma, kifundo, kisigino na unyayo. Maneno haya si ya wataalamu peke yao, bibi zetu waliyatumia kila siku. Kuyarudisha kuna faida halisi: kigimbi kimoja kinachouma na kuvimba baada ya mtu kulala kitandani siku nyingi kinaweza kuwa dalili ya damu kuganda kwenye mshipa, wakati maumivu ya goti yana mambo yake tofauti kabisa. Mgonjwa akisema "mguu" tu, habari hiyo yote imepotea.

Mgongo na kiuno ni hivyo hivyo. Wengi hutumia "kiuno" kwa sehemu ya chini ya mgongo, na hawajakosea, mradi msikilizaji anaelewa hivyo. Nyonga ni kiungo cha paja na kiuno, wakati nyongo ni majimaji machungu yanayotengenezwa na ini. Irabu moja imekosewa, na mtu anapelekwa kwingine.

Mahali ambapo ningemsihi kila mtu ajifunze neno moja ni pale chini ya kidari, katikati, mbavu zinapoachana juu ya tumbo. Panaitwa chembe cha moyo. Jina linataja moyo, lakini maumivu ya hapo mara nyingi hutoka tumboni: vidonda vya tumbo, kiungulia, gesi. Basi mtu akisema "moyo unaniuma" huku akigusa chembe cha moyo, huenda moyo wake ni mzima kabisa. Kinyume chake pia hutokea, na hicho ndicho cha hatari: shambulio la moyo linaweza kujitokeza kama maumivu ya chembe cha moyo, mgonjwa akadhani ni gesi akanywa dawa ya kiungulia. Kwa hiyo jina la mahali halitoshi. Taja pia namna: kifua kinabana kama kimefungwa, maumivu yanasambaa hadi mkono wa kushoto au taya, jasho linatoka, pumzi inakata. Maneno hayo yakitajwa pamoja, humfanya mhudumu ainuke kwenye kiti.

Namna ya maumivu ina vitenzi vyake, na hapa lugha yetu ni tajiri kweli. Jino au jipu lililoiva hupwita, kufuata mapigo ya damu. Tumbo husokota au hukata. Mkojo huchoma. Ngozi huwasha. Koo hukwaruza. Kifua hubana, au huchoma mtu anapovuta pumzi. Mguu uliokaliwa muda mrefu hufa ganzi. Shingo hukakamaa, na shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali na kichwa kuuma si jambo la kusubiri kesho, kwani inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kifundo huteguka, mfupa huvunjika, ngozi huchubuka, na palipogongwa huvilia damu. Kila kitenzi kinabeba habari ambayo "kinauma sana" haiwezi kuibeba.

Na kitenzi chenyewe cha kuuma kina watoto wanaochanganywa. "Ninaumwa" maana yake mimi ni mgonjwa. "Nimeumia" maana yake nimepata jeraha. "Nimeumwa na mbwa" maana yake meno ya mbwa yamenipata, na hapo kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha mtu akatafute chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ukali wa ugonjwa nao una ngazi zake. Mtu huanza kwa kutojisikia vizuri, akaumwa, akazidiwa, akawa hoi, akawa taabani, akafika mahututi. Njia ya kurudi ina maneno yake pia: hajambo kidogo, amepata nafuu, ana ahueni (wengine husema afueni), amepona. Ndugu anayepiga simu kuulizia hali ya mgonjwa husikia mengi katika neno moja tu la ngazi hiyo. Kuna neno jingine, "sugu", ambalo halipimi ukali. Linasema ugonjwa umekaa na hausikii tiba. Kikohozi sugu kinaweza kuwa chepesi, kisimnyime mtu usingizi, na bado kikawa cha kuchunguzwa: kukohoa kwa wiki 2 au zaidi kunatosha kumfanya mtu apimwe kifua kikuu. Swali la hapo ni la muda, na hujibiwa kwa idadi ya wiki.

Eneo jingine ambapo umbo na kipimo vinaingiliana ni lishe ya watoto. Tukisema "mtoto mdogo" hatujui kama tunasema umri au mwili. Wataalamu wa lishe wameliondoa tatizo hilo kwa maneno matatu, kila moja likiwa na cha kulinganisha. Mtoto mwenye udumavu ni mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Mwenye ukondefu ni mwembamba kuliko inavyotarajiwa kwa urefu wake. Mwenye uzito pungufu ni mwepesi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Udumavu hujengeka polepole, kwa miezi na miaka ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene, mwenye mashavu yamejaa. Mzazi haoni kasoro. Ukondefu huweza kuja kwa wiki chache tu, mtoto akiharisha au kukosa chakula, na ndio unaoua kwa haraka. Kuita hali zote tatu "utapiamlo" si kosa, lakini ni sawa na kusema "mkono" bila kutaja kiwiko.

Kuna kipimo kimoja cha ukondefu ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa: utepe wenye rangi unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko. Mzingo ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unasoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Sentimita moja tu inapita kati ya nyekundu na kijani. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo, na "amekonda kidogo" haiwezi kuieleza.

Kwa watu wazima hutumika uwiano wa uzito na urefu: kilo gawanya kwa mita zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 anapata takriban 27.3. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, ambao pia huitwa kiribatumbo. Neno hilo la mwisho linataja tumbo, ilhali hesabu yenyewe haigusi tumbo mahali popote. Mafuta ya tumboni hupimwa kwa mzingo wa kiuno, na watu wawili wenye uwiano mmoja wanaweza kutofautiana sana hapo. "Kunenepa" na "kuvimba" navyo visichanganywe. Miguu inayobonyea na kubaki na shimo inapokandamizwa kwa kidole imejaa maji, haijanenepa, na sababu yake hutafutwa kwenye moyo, figo, ini au ujauzito.

Damu inatupeleka kwenye maneno ya kuzidi na kupungua. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Lakini anayeambiwa ana upungufu wa damu, mara nyingi lita zake hazijapungua. Kilichopungua ni himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho, chini ya gramu 11 kwa kila desilita ni upungufu. "Upungufu" ni kuwa na pungufu ya inayotakiwa. "Ukosefu" ni kutokuwa nacho. Tofauti hiyo imejificha hata ndani ya UKIMWI: wapo wanaolifafanua jina hilo kama Ukosefu wa Kinga Mwilini na wapo wanaosema Upungufu wa Kinga Mwilini. La pili linaieleza hali ilivyo, kwa kuwa kinga hushuka hatua kwa hatua, na dawa huiruhusu ipande tena.

Kwenye presha kuna mtego ambao nadhani haujazungumzwa vya kutosha. Kipimo cha shinikizo la damu kina namba mbili, kwa mfano 120/80. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika, na kwa kuwa huandikwa moja juu na nyingine chini, watu huziita presha ya juu na presha ya chini. Wakati huohuo, ugonjwa wenyewe unaitwa shinikizo la juu la damu. Basi mtu akiambiwa "presha yako ya chini ni 95", anaweza kuondoka akiamini presha yake imeshuka, kumbe imepanda: namba ya chini ikifika 90, au ya juu ikifika 140, katika vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Maneno "kupanda" na "kushuka" ni salama zaidi. Mhudumu angesema "namba ya chini imepanda hadi 95", hakuna ambaye angeelewa vibaya.

Kuna mambo ambayo wingi wake hupimwa vizuri kwa kuhesabu. Kuhara, kwa mfano, ni kupata choo laini au cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Hedhi "nyingi" ni pedi ngapi zimelowa, na kwa muda gani. Pedi inayolowa kabisa kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, ni habari iliyokamilika. "Natokwa na damu nyingi" inamwacha msikilizaji akikisia.

Mwishowe mgonjwa anapewa dawa, na hapo maneno ya kipimo yanageuka kuwa mililita. Neno "kijiko" peke yake ni hatari. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni mililita 15, mara tatu yake. Hata kijiko kimoja hubadilika kikijaa hadi kilima au kikisawazishwa. Maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha, pale ambapo pakiti za dawa hiyo hazipatikani, huhitaji vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kudhurika zaidi.

"Kunywa kila saa nane" nayo ina maana mbili: kila zinapopita saa nane, au kila siku ifikapo saa nane. Wa kwanza atakunywa mara tatu kwa siku, wa pili mara moja. Wapo wanaoikataa "masaa", wakisema wingi wa saa ni saa, na kisarufi wana hoja. Lakini mtu anaposema "kila baada ya masaa nane" hakuna anayefikiria mshale wa saa, na katika chumba cha dawa ningelipokea neno hilo bila ubishi. Anayetaka kubaki na sarufi aseme "kila baada ya saa nane" na ataje nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. "Kutwa mara tatu" haitoi uhakika huo, kwa kuwa kutwa ni mchana hadi jua linapozama, na mtu anaweza kuzimeza zote tatu kabla ya giza.

Neno "dozi" limebadilika lilipoingia kwetu. Watu wengi wanapolitaja wanamaanisha dawa zote za matibabu hayo, tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho; ndiyo maana tunaambiwa "maliza dozi". Lakini wapo wataalamu wanaolitumia kwa kiasi cha kumeza mara moja. Aliyesahau kumeza mchana akiambiwa "usirudie dozi mbili kwa pamoja", wengine wataelewa asimeze vidonge vya mchana na vya jioni kwa wakati mmoja, na wengine watadhani wameambiwa wasianze tiba upya. Ni heri kutaja hesabu yenyewe: meza viwili sasa, viwili jioni, usiunganishe vinne.